Sura ya Tano: Nta, Shahamu na Mtutu Mkavu

Baruti nyeusi haiungui ikaisha. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki ikiwa vitu vigumu hata baada ya mlipuko. Sehemu hutoka na ule moshi mweupe mzito, na sehemu hugandamana na kuta za mtutu. Risasi ya kwanza huteremka mtutuni bila shida, ya pili kwa kusukumwa kidogo, na ikifika ya tano au ya sita mwenye bunduki huwa ameuegemea mdeki kwa uzito wa mwili mzima. Pwani, ambako hewa haikosi unyevu, masizi hayo hubaki laini na kufutika kwa kitambaa. Ipandishe bunduki hiyohiyo mpaka Dodoma, mita 1,100 na ushei juu ya bahari, mwezi wa Septemba, wakati mvua haijaonekana tangu Aprili na upepo unavuma vumbi tupu. Masizi yaleyale hukauka kwa muda mfupi na kushika chuma kama ukoko wa ugali unavyoshika sufuria.

Ndiyo maana naona kwamba swali la kupaka nini kwenye risasi ni swali la hali ya hewa kabla halijawa swali la bunduki. Vitabu vingi vya silaha vimeandikwa na watu wa nchi za baridi na mvua, na hofu yao kubwa ni kutu. Kwenye nyanda za kati hofu ni nyingine: joto la mchana linaloyeyusha mafuta yakachuruzika, na ukavu unaogeuza moshi kuwa jiwe.

Madini ya risasi ni laini. Yanayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa linalifikia bila kuhangaika, na ndiyo sababu kwa karne nyingi mtu yeyote mwenye kalibu na kipande cha risasi aliweza kusubu zake nyumbani. Ulaini huohuo ndio unaoleta balaa ndani ya mtutu. Gesi ya moto hupenya pembeni mwa risasi, ikailamba na kuyeyusha kingo zake, na madini yaliyoyeyuka yakabandika kwenye chuma. Mtutu ukiwa na mifereji ya msokoto, ile inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja, mifereji hiyo hujaa taratibu, na bunduki iliyokuwa ikilenga vizuri asubuhi huwa haijulikani inatupa wapi ifikapo saa nane. Kilainishi kizuri hupunguza msuguano, huziba upenyo wa gesi, na huyafanya masizi yabaki laini ili risasi inayofuata iyasukume nje. Kazi hiyo ya mwisho watu huisahau, na kwa huku kwetu ndiyo kubwa kuliko zote.

Gobore la enzi za misafara, hata hivyo, halikuwa na mifereji. Lilikuwa bomba laini la chuma, na risasi yake ya duara ilisubiwa ndogo kuliko tundu la mtutu makusudi, ili iteremke hata masizi yakizidi. Ilizungushiwa kitambaa au karatasi ili isibingirike ikatoka mdomoni. Kwa bunduki ya aina hiyo kulainisha risasi yenyewe hakukuwa na maana kubwa. Kilichohitaji mafuta ni kitambaa, na chuma baada ya kazi. Mtu akikuambia babu zake walikuwa na dawa maalumu ya kupaka risasi za gobore ili zipige mbali, mheshimu babu, lakini umbali haukutoka kwenye dawa.

Na magobore yalikuwa mengi. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kule Zanzibar, Kanali Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Zilitengenezwa Birmingham na Liège, nyingine zikiwa silaha kuukuu zilizotupwa na majeshi ya Ulaya baada ya kupata mpya. Sehemu yake ilipanda bara kwenye mabega ya wapagazi: Bagamoyo, Mpwapwa, kisha jangwa la Marenga Mkali ambako maji ni ya chumvi, kisha Ugogo penyewe ambako kila mtemi alidai hongo yake kabla msafara haujaruhusiwa kuchota kisimani, ndipo Unyanyembe, upande wa Tabora. Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi aliyefariki mwaka 1884, aliitikisa njia hiyo kwa wapiganaji wake, rugaruga, wenye magobore. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalipiga marufuku kuingiza silaha za kisasa katika ukanda mkubwa wa Afrika, lakini yakaacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji na kwa baruti ya kawaida ya biashara. Tangu hapo mtu mweusi aliruhusiwa bunduki ya babu yake tu. Sishangai kwamba gobore lilidumu vijijini vizazi kadhaa baada ya kuzikwa kwingineko.

Mwenye bunduki yenye mifereji ndiye aliyelazimika kuumiza kichwa juu ya kilainishi, na mwaka ambao dunia nzima ilijua kwamba jambo hilo si dogo ulikuwa 1857.

Jeshi la Kampuni ya Uingereza kule India lilikuwa limeanza kupokea bunduki mpya ya Enfield. Baruti na risasi vilifungwa pamoja katika kifuko cha karatasi, na karatasi iliyoizunguka risasi ilipakwa shahamu. Askari alitakiwa kuking'ata kifuko kwa meno, kumimina baruti, kisha kushindilia risasi pamoja na karatasi yake. Habari zikaenea kambini kwamba shahamu ile ni ya ng'ombe na nguruwe. Mhindu asingeweza kutia ya kwanza kinywani, Mwislamu asingeweza kutia ya pili. Wakubwa waliruhusu askari wapake wenyewe nta na samli au mafuta mengine waliyoyaamini, lakini imani ilikuwa imeshakatika. Tarehe 24 Aprili askari 85 wa kikosi cha farasi kule Meerut walivikataa vifuko hivyo. Tarehe 9 Mei walifungwa pingu mbele ya wenzao. Tarehe 10 Mei kambi ikaasi, na kaskazini mwa India ikawaka. Sababu za uasi zilikuwa nyingi, kodi na ardhi na falme zilizonyang'anywa. Shahamu ilikuwa kiberiti.

Huku kwetu watu wawili waliokuwa wakipanda kutoka pwani mwaka huohuo walikuwa maofisa wa majeshi hayohayo ya India. Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka Zanzibar mwezi Juni 1857, wakasindikizwa na askari Mabaluchi wa Sultani Majid wa Zanzibar, wakavuka Ugogo na kufika Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Speke alikuwa ofisa wa kikosi cha 46 cha Bengal. Kikosi chake kiliasi kule Sialkot mwezi Julai, yeye akiwa njiani kuelekea nyanda zetu. Msafara ule wenye walinzi Waislamu na maofisa Wakristo ulibeba bunduki zake katika mwaka ambao mafuta ya bunduki yalikuwa yakimwaga damu ng'ambo ya bahari.

Mafundi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich kule Uingereza, chini ya Kapteni Boxer, walikuwa wakiiona kasoro nyingine ya shahamu, isiyohusu dini kabisa. Shahamu ya mnyama ina asidi. Ikikaa juu ya risasi miezi kadhaa ghalani huila, risasi ikaota ukoga na kuvimba, na ikivimba haiingii tena mtutuni. Halafu katika nchi ya joto shahamu huyeyuka, karatasi ikainyonya, na juu ya risasi kukabaki hakuna kitu. Uwiano ukageuzwa: badala ya shahamu nyingi yenye nta kidogo, ikawa nta sehemu tano na shahamu sehemu moja. Waingereza walipoingia kwenye bunduki ya Martini-Henry mwaka 1871, kisahani cha nta kilikuwa tayari kimepewa nafasi yake rasmi ndani ya ganda, kati ya baruti na risasi.

Wajerumani walifanya vivyo hivyo, na hapo habari inarudi moja kwa moja Dodoma. Bunduki ya Mauser ya mwaka 1871 ilipiga risasi nene ya milimita 11, yenye uzito wa gramu 25, iliyoviringishwa karatasi, na chini yake kulikuwa na kisahani cha nta. Bunduki hiyo ya baruti nyeusi ilikuwa imepitwa na wakati Ulaya, lakini ndiyo waliyokabidhiwa askari wa Kiafrika wa jeshi la Kijerumani, na vita vilipoanza mwaka 1914 kampuni nyingi zilikuwa bado nayo. Moshi wake ulimtangaza mpigaji kwa kila aliyekuwa mbele yake. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910, na masanduku ya risasi hizo yakapita stesheni pamoja na kila kitu kingine cha vita, mpaka majeshi ya Jenerali Van Deventer wa upande wa Waingereza yalipoteremka kutoka Kondoa Irangi na kuutwaa mji mwishoni mwa Julai 1916. Kila risasi ya milimita 11 iliyopigwa kati ya Kondoa na reli ilisukuma mbele ya moto wake kipande kidogo cha kazi ya nyuki.

Sasa tutazame alichonacho mtu wa nyanda za kati mkononi, tukianza na kilicho karibu zaidi, yaani shahamu ya ng'ombe. Ugogo ni nchi ya mifugo, na mafuta ya mnyama hayakuwahi kuwa mabaki ya kutupwa: yaliliwa, yalihifadhiwa kwenye vibuyu, yalichanganywa na udongo mwekundu yakapakwa mwilini. Kwenye joto la nyuzi 40 na kitu yanalegea, na mtutu ulioachwa juani adhuhuri ya Oktoba haushikiki kwa mkono mtupu. Ya kondoo ni magumu kidogo, kwa hiyo ni afadhali. Samli haina chumvi, na hiyo ni sifa yake kubwa, kwa kuwa mafuta yoyote yaliyopita kwenye chumvi hualika kutu. Lakini samli huvunda, na huyeyuka upesi kuliko shahamu.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya kigeni havilitaji kwa sababu waandishi wake hawakulipitia. Mafuta ni chakula. Baada ya majeshi yote mawili kuchota ng'ombe na nafaka za Wagogo na kuwachukua vijana wao upagazi, ikaja njaa waliyoiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920, na watu wakafa kwa maelfu. Katika nchi inayoweza kufikwa na mwaka kama huo, kupaka samli kwenye risasi ni israfu. Nta haina mlaji.

Mnyonyo unaota wenyewe kando ya nyumba na kwenye majalala, na mafuta yake yana tabia nzuri ya kung'ang'ania chuma hata kikipata moto. Ndiyo maana yalitumika sana kwenye injini za ndege za mwanzo na za magari ya mashindano. Tatizo lake ni umajimaji. Kilainishi chochote kinachochuruzika kitaifikia baruti, na baruti iliyolowa mafuta hufuka tu badala ya kulipuka. Peke yake nyonyo haifai. Ikichanganywa na nta ni dawa.

Alizeti? Singida na Dodoma ndiko nyumbani kwake, na kila mji una mashine yake ya kukamua. Kwa kukaangia sina neno. Lakini mafuta haya hukaukia kwenye chuma na kuacha utando wa kunata, kama ajuavyo kila aliyewahi kusugua karai la chipsi. Kuyapaka kwenye silaha ni kujitafutia kazi. Mshumaa wa dukani nao huwadanganya wengi kwa sababu unafanana na nta. Umetokana na mafuta ya petroli, ni mkavu, hauna mnato, hupasuka na kubanduka risasi ikiguswa tu. Na grisi ya gari, ikikutana na moto wa baruti nyeusi, huacha uchafu mweusi wa lami ambao ni mbaya kuliko masizi yenyewe.

Inabaki nta, na nchi hii haikuhitaji kuiagiza popote. Mizinga ya magogo na ya magome inaning'inia kwenye mibuyu na migunga kuanzia Kondoa mpaka Manyoni. Wasandawe wa upande wa Kwa Mtoro walisifika kwa kurina tangu zamani, na vichaka vya Itigi vinatoa asali ambayo wasafiri wa reli na wa barabara wameizoea. Nyuki wetu ni wakali na wanahama ovyo, lakini nta yao ni nta: inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, haivundi, hailiki na wadudu wengi, na ikikandamizwa kidoleni inakubali umbo bila kubomoka.

Ukitaka kuijua nzuri, itazame inavyotengenezwa. Masega yaliyokwisha kukamuliwa asali hutumbukizwa kwenye sufuria ya maji juu ya moto mdogo. Maji yakianza kutokota nta huachana na takataka na kuelea. Yote humiminwa kwenye gunia au kitambaa kigumu, watu wawili wakashika huku na huku na kukinyonga mpaka kibaki kikavu. Kinachodondoka huachwa usiku kucha. Asubuhi juu ya maji kumeganda mkate wa manjano au wa kahawia, na tumbo lake la chini lina tabaka la uchafu wa kijivu: vipande vya mabuu, majivu, mabawa. Tabaka hilo hukwanguliwa kwa kisu, na nta ikayeyushwa upya. Anayeruka hatua hii anauza mchanga, na mchanga kwenye mtutu ni msasa. Moto ukizidi nta huwa nyeusi na kupoteza harufu. Sufuria ya chuma isiyopakwa kitu nayo huitia weusi. Wazoefu huiweka kwenye chombo kidogo ndani ya sufuria kubwa ya maji, isiguse moto moja kwa moja.

Wauzaji wapo wanaochanganya shahamu au mafuta ya mshumaa ili mzigo uzidi. Vunja kipande: nta safi huvunjika na uso wenye chembechembe usiong'aa. Ikande mkononi, inalainika bila kuacha mafuta kwenye ngozi. Tafuna kidogo: safi haigandi menoni, na harufu ya asali haipotei. Washona viatu wanaoivutia nyuzi zao humaliza ukaguzi huu kwa sekunde chache, kwa ukucha wa dole gumba tu.

Nta tupu, kwa upande mwingine, ni ngumu mno kuyalegeza masizi, na hapo ndipo wale wa 1857 na wawindaji wa nchi nyingi wakakutana: nta iwe msingi, na mafuta laini kidogo yaiongoze. Kadiri joto linavyopanda, nta inaongezwa. Usiku wa Juni na Julai, Dodoma inaposhuka chini ya nyuzi 15, mafuta yanaongezwa kidogo. Aliyejifunza kwa kitabu cha Kizungu akafuata uwiano wa kule atakuta mwezi Novemba risasi zake zinaogelea.

Leo mahali ambapo mazungumzo haya yako hai hasa ni Marekani, ambako kusubu risasi nyumbani ni uraibu halali wa wazee wengi wenye muda na karakana. Katika karne ya 20 Kanali E. H. Harrison wa chama cha wenye bunduki cha huko alieneza mchanganyiko wa nusu nta ya nyuki na nusu kemikali ya viwandani iitwayo Alox, ambayo asili yake ni mafuta ya petroli, na kwa miongo kadhaa huo ndio uliokuwa msahafu. Siku hizi wengi wanaipaka risasi rangi ya unga na kuioka kwenye oveni kwa nyuzi 200 hivi. Rangi hugeuka ganda gumu, mikono haichafuki, moshi hupungua. Nta imeanza kurudi kwa watengeneza mishumaa na losheni, ambao ndio wateja wakubwa wa nta ya Tanzania inayokwenda Japani, Ujerumani na Marekani.

Huku kwetu mwenye bunduki halali hununua risasi za kiwandani zenye koti la shaba, na koti hilo halihitaji nta wala samli. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimwachii mtu nafasi ya kujitengenezea bunduki wala risasi bila leseni, na sioni sababu ya kuilaumu. Magobore yanayokamatwa kwenye mapori ya upande wa Rungwa na Kizigo hata risasi halisi hayatumii; hushindiliwa gololi za bearingi na vipande vya nondo. Chuma juu ya chuma. Hakuna kilainishi duniani kitakachouokoa mtutu huo, wala uso wa anayeushika siku utakapopasuka. Na kuyeyusha risasi za betri kuukuu jikoni, kama wafanyavyo baadhi ya wavuvi wanaotaka vizito vya nyavu, ni kuwalisha watoto sumu inayoshika damu na ubongo. Wataalamu wa afya hawajaona kiwango chake kilicho salama.

Niseme neno moja kuhusu magobore yanayokutwa darini au chini ya uvungu mzee anapofariki. Mtu wa zamani aliyeijua kazi yake hakuacha bunduki ikae tupu. Aliishindilia, akaziba kwa kitambaa chenye nta ili unyevu wa masika usiingie, akaitundika. Nta ile ikishika vizuri, baruti nyeusi haichachi wala haifi. Inaweza kungoja miaka mia moja ikiwa kavu, na hewa ya Dodoma inaisaidia. Wajukuu huliokota gobore hilo, hulifuta vumbi, mmoja hulielekeza ukutani na kuvuta kidude kwa mzaha, au fundi wa mtaani hulitia motoni alinyooshe. Usilishike hivyo. Waondoe watu mbele ya mdomo wake, usiliguse, liache lilipo, na mwite polisi wa kituo cha karibu au mwenyekiti wa mtaa awaite. Wao watatia kijiti mtutuni, wakipime na urefu wa nje, na kama kimegota nusu kiganja kabla ya mwisho wa bomba, ndani kuna mzigo.